Fundi Cheche alivyoharibu kipimo cha masikio ya bintiye

Saa nne asubuhi, grenda ya kukatia chuma inalia karakanani hadi meno yanakufa ganzi. Fundi Cheche ameinama juu ya geti la chuma, barakoa ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso. Anamtazama mwenzake aliyeshika bomba upande wa pili, ananyanyua kidevu mara moja, kisha anaishusha barakoa. Mwenzake anageuza uso. Moto unawaka.

"Hapa hatuongei, tunatazamana," anasema baadaye. Grenda imeshazimwa, lakini yeye bado anapaza sauti kama anamwita mtu wa ng'ambo ya mto. "Kidevu juu maana yake 'sasa nachoma, linda macho.' Kiganja chini, zima mashine. Ukishindana na hizi kelele utabaki kukohoa tu."

Fundi huyu wa mageti na madirisha ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Nyumba yake iko nyuma ya karakana, na hata mezani familia nzima huongea kwa kupayuka na kurusha mikono. Mgeni akiingia hudhani watu wanagombana, kumbe wanapeana chumvi.

Kitinda mimba wake, binti wa miaka mitano, ndiye bingwa wa ishara hizo. Mafundi walimbandika jina la Nyapara kwa jinsi alivyojua kuwaamrisha watu wazima kwa kidole, bila kufungua mdomo. Kuongea alikuwa haongei sana, lakini nani alijali? Nyanyua kidevu tu, Nyapara keshafumba macho.

"Tulikuwa tunajisifu, jamani!" anasema Cheche. "Mtoto ana akili huyu, anadaka kila kitu. Akiitwa asiitike, mama yake anasema huyo katia pamba masikioni, karithi ukaidi wa upande wa baba. Mimi nacheka."

Ambaye hakucheka ni mwalimu wa chekechea. Aliona kwamba kila akiongea huku ameelekea ubaoni, watoto wote huitikia isipokuwa mmoja. Akawashauri wazazi wampeleke akapimwe. Zahanati nayo ikawaelekeza kwa daktari bingwa wa masikio katika hospitali ya watoto, na miadi ikachukua miezi kufika.

Siku yenyewe, Cheche aliiacha kazi mikononi mwa wenzake, akavaa shati lake la kwendea harusi za watu, akambeba Nyapara mgongoni kutoka kituo cha basi. Walisubiri kwenye benchi refu lililojaa akina mama na watoto waliosinzia mapajani. Daktari alipowaita, aliyachungulia masikio yote mawili, hakuona uchafu wala usaha, akawapeleka kwenye chumba cha kupimia.

Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimefunikwa sponji, mlango mnene. "Nilisikia moyo wangu unavyodunda," anakumbuka. "Tangu nizaliwe sijawahi kukaa mahali kimya vile. Niliogopa."

Mpimaji, dada mmoja mpole, alimpa Nyapara ndoo na vipande vya mbao. Kila akisikia mlio, atumbukize kimoja. Lakini mtoto alikataa katakata kuvaa vidude vya masikioni, akalia, akamng'ang'ania baba. Basi milio ikaletwa kwa spika, na baba akaruhusiwa kuketi mbele ya bintiye, mradi atulie tuli.

Mlio, kipande. Mlio, kipande. Sauti ikazidi kufifia mpaka Cheche mwenyewe akawa anaitafuta. Kipande kikaingia ndooni.

"Baba, hata huo kausikia!" mpimaji alisema kwa furaha kutoka upande wa pili wa dirisha la kioo. "Masikio ya mwanao mazima kabisa. Tumalizie mmoja wa mwisho."

Cheche aliinua macho kumshukuru. Mlio ukaja. Kwenye kioo akaiona sura yake mwenyewe, kidevu kikipanda. Papo hapo kipande kikadondoka.

Muda wote ule alikuwa akimwambia mtoto: sasa, sasa, sasa.

"Sikufichi, nilitaka kunyamaza," anasema, akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. "Nimeshaambiwa mtoto mzima! Nilishawaona nyumbani wanashangilia, mama yangu anapiga vigelegele. Ningefumba mdomo, nani angejua?"

Alipiga moyo konde. "Dada, samahani," alimwambia mpimaji. "Anayesikia ni mimi. Mtoto ananitazama mimi."

Mpimaji hakumgombeza, alijilaumu mwenyewe kwa kumkalisha pale. Akamhamishia nyuma ya mtoto, uso ukutani, na kipimo kikaanza upya.

Mlio ukaja. Kimya. Ukaja mwingine, mkubwa zaidi. Kimya. Cheche alikuwa anaitazama sponji, ametega sikio akingoja kipande kidondoke. Mlio uliofuata ungeweza kumwamsha mlinzi aliyelala getini. Kimya vilevile. Alijikaza kisabuni asigeuke. Ukaja mmoja mkali wa kuumiza kichwa, na ndipo mbao ikagonga ndoo.

"Kile kipande kimoja kiliniliza," anasema. "Nililia pale pale ukutani, mtu mzima na shati langu."

Vipimo vingine vilithibitisha. Nyapara husikia sauti kubwa tu, na inaelekea amezaliwa hivyo. Cheche aliuliza kama ni grenda yake iliyomharibu mtoto, daktari akamwambia hapana, asijitwike mzigo usio wake. Mtoto atahitaji vifaa vya kumsaidia kusikia na mafunzo ya kuongea, na umri wake bado unaruhusu. "Lakini mngeondoka na yale majibu ya kwanza," daktari aliongeza, "sijui mngerudi hapa lini."

Nje ya hospitali alimpigia mkewe. "Mama watoto, hakuwa mkaidi," alimwambia. Mkewe akasema, "Na mimi nimekuwa nikimchapa."

Sasa grenda imehamishiwa mwisho wa uwanja, mbali na nyumba. Mezani wameanza kuongea mmoja mmoja, jambo ambalo bibi wa Nyapara analalamikia kwamba linampoozea chakula. Wiki ijayo baba na binti wanarudi hospitalini kuchukua vifaa, na Cheche ameshapanga atakachofanya vikishavalishwa.

"Nitasimama nyuma yake," anasema, na safari hii sauti yake iko chini. "Sitamgusa bega, sitanyanyua kitu. Nitamwita kwa jina lake tulilompa alipozaliwa. Maana Nyapara tunamwita kwa mikono. Lile jina lake lenyewe, sidhani kama amewahi kulisikia."