Maji ya Kisima Chetu

Miwani nilianza kuvaa nikiwa darasa la tatu, vioo vinene hadi watoto wa shule wakaniita Macho Nne. Nilizoea, nikawa na ulimi wa kuwajibu. Lakini mchumba wangu aliposema wazee wa kwao wanaleta mbuzi wa ntheo, wale mbuzi ambao kwetu Ukambani wasipoletwa msichana hahesabiwi kuwa ameolewa, nilikataa katakata kutoka mbele ya watu na ile miwani. Siku hiyo unaitwa katikati ya wageni, unaulizwa kama unawajua, na kila mtu anakukodolea macho. Nilitaka na mimi nionekane uso wangu, jamani, siku moja tu.

Mama alinisindikiza hadi Machakos mjini kwa daktari wa macho. Mwaitu, ndivyo ninavyomwita kwa Kikamba, hajawahi kuniacha niende kwa daktari peke yangu, hata nikiwa mtu mzima na kazi yangu. Daktari alitoa lenzi, kitu kidogo laini kama ganda la nyanya iliyochemshwa, akaniwekea kidoleni. Mwaitu akajifunika uso na leso.

"Woi! Anaingiza kitu ndani ya jicho!"

Ilipoingia nikainua kichwa, akanitazama kwa muda, akaanza kulia pale pale. "Kumbe uko na macho ya baba yako," akasema. Baba tulimzika nikiwa mdogo. Nikajua sitaki kitu kingine ila hizo lenzi.

Daktari akanielekeza: nawa mikono, usilale nazo, usizioshe na kitu chochote ila dawa ya chupa hii. Mwaitu, ambaye lazima aulize, akauliza ndani ya chupa mna nini. "Ni kama maji ya chumvi tu, mama," akajibiwa, kwa ile sauti ya kumtuliza mzee. Akatikisa kichwa, akaridhika. Laiti ningalimziba yule daktari mdomo kwa kiganja changu!

Sisi tunakaa upande wa Athi River, na mtu yeyote wa huku atakwambia maji ya kisima chetu ni ya chumvi. Chai yake hata uimwagie sukari haikolei, sabuni haitoi povu, sufuria inashika ukoko mweupe. Tumeyanywa maisha yetu yote.

Ntheo ilienda vizuri. Nilisimama mbele ya wageni nikasema nawajua, shangazi zangu wakapiga vigelegele. Baada ya hapo sikutaka tena kusikia habari ya miwani. Kila jioni nilitoa lenzi nikaziweka kwenye kikopo chake, nikamimina dawa, nikalala. Nilishangaa tu kwamba ile chupa haiishi. Nikamwambia mchumba wangu chupa imebarikiwa, tukacheka.

Kisha jicho la kushoto likaanza kuuma. Lilikuwa jekundu, halivumilii mwanga, maumivu ya kunifanya nigonge kichwa ukutani. Hospitalini daktari mwanamke alinipima, akaniuliza kama nimewahi kuosha lenzi kwa maji.

"Mimi si mjinga," nikamjibu. Nilikuwa na hasira na kila mtu.

"Ni mimi," Mwaitu akasema kutoka kwenye kiti chake.

Asubuhi ya ntheo alikuwa akipangusa meza yangu, akaiangusha chupa, dawa ikamwagika ikabaki kidogo tu. Hakutaka siku yangu iharibike. Akaionja ile iliyobaki, akaonja maji yetu, akaona chumvi ni ile ile. Akayachuja kwa kitambaa safi, akajaza. Na kila mara ilipopungua akajaza tena, bila kuniambia, ili isiniishie.

"Nilichuja, daktari," akarudia. "Nilichuja vizuri."

Nilikuwa na maneno mdomoni, makali kweli. Nikamwangalia anavyokunja na kukunjua leso yake, yakaniishia.

Daktari akatueleza kwamba vijidudu wanaoishi kwenye maji walishatafuna jicho. Walipouawa lilibaki doa jeupe, na upande ule sioni ila ukungu. Daktari akasema kile kioo cha mbele cha jicho kinaweza kubadilishwa, kikipatikana cha mtu mwingine. Hakumaliza. Mwaitu alishavua kitambaa cha kichwa, ameinua uso.

"Toa langu. Chagua lile unapenda."

"Mama," daktari akasema polepole, "hatutoi kwa mtu aliye hai. Tunangoja mtu akifariki."

Mwaitu akafunga kitambaa chake tena, tukaenda nyumbani.

Tangu hapo ameambia akina mama wote wa kanisa: nikifa, msinizike na macho yangu, ni ya msichana wangu. Anawaambia wageni huku akiwamiminia chai. Namkemea, "Mwaitu, wacha hayo maneno!" na yeye anaendelea kumimina. Nampenda hadi nashindwa kupumua. Nimerudia miwani yangu, kioo kimoja hakina kazi, na naapa nitakaa hivyo hadi uzeeni kama ndiyo njia ya kubaki naye.

Juzi alishikwa na homa, kifua kikambana. Nilikaa kando ya kitanda nikimfuta jasho, machozi yananitoka kwa macho yote mawili, la kuona na lisiloona. Akafungua macho, akanishika mkono, akatabasamu kama mtu aliyeniletea zawadi.

"Usilie, mwiitu, msichana wangu," akaniambia. "Labda ni karibu utaona."