Kitabu cha Mifugo na Ufunguo Wangu

Nakumbuka, mwanangu, siku ya mnada wa Katesh nilipoondoka kijijini kwetu Nangwa na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga. Hadi leo nikiona kufuli siku ile inanirudia.

Nilikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba, najiona nimesoma kuliko kijiji kizima. Bwana shamba mmoja alipohama alituachia vitabu kumi na viwili, vinene, kila kimoja na fani yake: udongo, nyuki, ujenzi, magonjwa ya watoto, mifugo. Vilikuwa vya Kiswahili chepesi na picha nyingi, ili mtu wa kawaida atafute jibu anapokwama. Maktaba hatukuwa nayo, kwa hiyo Mwalimu Safari, mzee aliyenifundisha kusoma, akavigawa nyumba kwa nyumba. Akili ni nywele, alituambia, kila mtu ana zake. Basi kila mmoja akisome chake, na jirani akibisha apate jibu. Mimi nikapewa cha mifugo.

Nikakitunza kweli! Nikakivalisha nailoni, nikakifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mtu akikiulizia namwambia, "Nenda kanawe kwanza, una mikono michafu." Sasa najicheka, ila siku ile hakuna aliyecheka.

Wanaume waliojua kuzalisha ng'ombe walikuwa wote mnadani. Jirani yetu Mama Paulina, mjane, alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa kisasa, na maziwa yake ndiyo yaliyosomesha wanawe. Asubuhi hiyo ng'ombe akashikwa na uchungu. Zikatangulia kwato za nyuma, ndama akakwama. Mama Paulina akakimbilia kwetu kufuata kitabu, na mama yangu akatafuta ufunguo nyumba nzima, kumbe uko kwenye kanga yangu Katesh. Mwisho akalivunja sanduku kwa jembe. Mama hakujua hata herufi moja, lakini picha alizielewa, na kwa kufuata picha wale wanawake wawili wakamvuta ndama. Ng'ombe akapona. Ndama alikuwa ameshakufa.

Niliporudi jioni nilikuta ukurasa mmoja una alama za vidole vya damu. Mwanangu, naona aibu kusema, nililia kwa ajili ya kitabu kwanza! Nikachukua kitambaa nifute. Mwalimu Safari alikuwa amekaa hapo hapo na mama. Nilikuwa hata sijamwamkia.

"Acha," akasema. "Huo ndio ukurasa pekee uliosomwa."

Majuto ni mjukuu. Nikampa shikamoo, nikamrudishia kitabu kwa mikono miwili. Akakataa kukipokea.

"Kaa nacho. Kesho anza ukurasa wa kwanza."

Baada ya siku chache Mama Paulina akapiga hodi. Nilijua amekuja kunisema, na nilistahili. Kumbe kaleta kibuyu cha maziwa, ya ng'ombe yule yule.

"Kunywa, binti yangu," akasema. "Halafu unisomee panapoeleza namna ya kumlisha."

Nimekunywa maziwa mengi maishani, lakini hayo nayashukuru mpaka leo. Angeweza kunichukia, na badala yake akanifanya msomaji wake. Kitabu kile bado ninacho. Nailoni nilishaitupa, na kurasa zake karibu zote zina alama za vidole vya watu.

Sasa wewe umetoka chuoni, na simu yako ina vitabu vingi kuliko vyote tulivyogawana sisi. Nakuusia hivi: unachokijua usikifungie, na usimpime mtu kwa mikono yake kabla ya kumjibu. Mikono michafu ndiyo inayohitaji kitabu. Na ukikosea, kama nilivyokosea mimi, usikimbie. Rudi ukasome, ukamsomee yule uliyemkosea.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie majirani wa kukubishia hodi, na kila wakija waukute mlango wako wazi.