Kadi ya Harusi ya Bosi

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapa Kigali, nilijiita fundi wa kompyuta ofisini. Bosi alipotaka kuoa tena, nilichukua kadi ya harusi yake ya kwanza iliyokuwa bado kwenye kompyuta, nikaandika amri ya kutoa jina la Godeliva, mke wa kwanza, na kuweka la Spesiosa, bibi harusi mpya. Sikujua kwamba amri ile hubadilisha jina mara moja tu katika kila mstari. Kioo cha kompyuta kikajibu: "Safi, hakuna kosa." Sentensi hiyo niliipanga mwenyewe, itokee hata mashine ikiungua! Nikachapa kadi zote bila kusoma.

Spesiosa akaja kutoka mtaa wa Nyamirambo kuzichukua. Akasoma kwa sauti mbele ya bosi: "Nimempata Spesiosa, sitamwacha Godeliva."

"Godeliva iko anatafuta nini kwa harusi yangu?" akauliza Spesiosa.

Bosi akanigeukia. Nyuma yangu kioo kiling'aa: "Safi, hakuna kosa."