Asubuhi Chemchemi Iliponyamaza

Kabla sijaijua miezi kwa majina yake, niliijua kwa maua. Nilikuwa mtoto wa mlimani, na nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabisa chini ya msitu wa Ngorongoro, upande wa Oldeani, pale ambapo mahindi yanakoma na miti inaanza bila uzio wowote katikati. Miaka ya sabini ilipokuwa ikielekea ukingoni, majirani zetu wengi walikuwa wamekwisha kuhamia chini kijijini, karibu na shule na barabara. Sisi tulibaki juu kwa sababu baba alikuwa fundi wa mashine ya kumenyea buni katika shamba kubwa la kahawa, na kutoka kwetu alifika kazini kwa miguu kabla umande haujakauka.

Watu wakiniuliza leo tulikuwa tukicheza nini kule juu, nawasimulia majira. Kipupwe kilipoingia, ukungu ulishuka hadi mlangoni, tukawa tunasikia kengele za ng'ombe bila kuwaona ng'ombe wenyewe. Kiangazi kilikuja na vumbi jekundu, na miti isiyo na jani hata moja ikachanua. Mvua za kwanza zikigusa tu ardhi, kahawa yote ya shambani ilifunguka kwa siku moja, nyeupe, ikanukia mpaka kichwa kikauma. Mimi nilikuwa nikizunguka humo katikati na daftari langu, nikikusanya maua. Ndio uliokuwa mchezo wangu, na haukuhitaji mwenzi.

Baba ndiye aliyenifundisha kuyakausha. Unalilaza ua kati ya kurasa mbili, unaweka ubao juu, na jiwe juu ya ubao, kisha unajifunza kusubiri. Hilo la kusubiri ndilo lililonishinda kwa muda mrefu. Daftari lenyewe nilipewa na bibi yangu, mama yake baba. Tulimwita Ama, kama Wairaqw wanavyowaita bibi zao. Aliandikishwa kwenye kisomo cha watu wazima, akapewa daftari na penseli, akaenda siku mbili, siku ya tatu akarudi akanikabidhi vyote. Alisema herufi zinamtekenya macho.

Ama hakuwa mtu wa makatazo. Alinikataza jambo moja tu.

Nyuma ya nyumba, hatua kama mia moja kupanda mlima, palikuwa na chemchemi chini ya mkuyu. Maji yalitoka kwenye mwamba, yakapita juu ya kipande cha gome la mgomba na kudondokea kwenye debe. Mchana kutwa uliyasikia ukiwa jikoni. Pembeni ya maji hayo, kila mwaka masika yanapoanza, lilichipuka ua moja ambalo sijaliona mahali pengine kule mlimani: jekundu, la mviringo, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, nyuzi tupu zilizosimama kila upande, na halina jani hata moja. Lilikaa kama juma moja, likanyauka.

"Maua yote ya mlimani ni yako," Ama aliniambia. Alikuwa akisema Kiiraqw, nami nakiandika kwa Kiswahili. "La pale kwenye maji liache. Lina mwenyewe."

"Nikilichuma?"

"Mwenyewe atakuja kulifuata. Naye hapigi hodi."

Baba alikuwa akifunga kamba za viatu. "Mama, usimtie mtoto hofu. Maji ni ya Mungu."

"Nimesema si ya Mungu?" Ama akajibu, akaendelea kupeta maharage yake.

Wazee wa Wairaqw waliamini kwamba katika chemchemi wanakaa pepo wa maji, na kwamba watu wakiwakosea heshima hawanyamazi. Kanisani tuliambiwa tuyaache hayo. Nyumbani kwetu mambo yote mawili yaliishi pamoja bila ugomvi, kila moja na saa zake.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi na mmoja, masika yalichelewa. Mvua ya kwanza ilipopiga, Jumamosi yake nilitumwa maji, nikalikuta ua limefunguka. Nililitazama mpaka debe likajaa na kumwagika. Nilijiambia nitaligusa tu. Shina lake lilikuwa laini kuliko nilivyotarajia, likakatika kwa kucha, maji yakanitiririka mkononi. Nililificha ndani ya gauni, nikaingia chumbani, nikalipasua vipande viwili ili lilale vizuri, nikalibana kwenye daftari, nikalisukuma chini ya kitanda pamoja na ubao na jiwe lake.

Halafu mvua ikaanza kunyesha kana kwamba haina mahali pengine pa kwenda.

Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Barabara ya Oldeani ikakatika, kazi za shambani zikasimama, baba akawa anashinda nyumbani akitengeneza mpini wa jembe ambao haukuwa umevunjika. Maji ya chemchemi yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Kila nilipokwenda kuteka niliona kile kisiki cha shina nilichokiacha. Nilisema moyoni: yuko njiani. Sikumwambia mtu.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili mvua ilitulia kidogo. Nilichukua debe nikapanda. Nusu ya njia nilihisi kuna kitu hakipo, ila sikujua ni nini, mpaka nilipofika chini ya mkuyu. Sauti ndiyo haikuwapo. Gome la mgomba lilikuwa likidondosha tone, likatulia, tone lingine, kisha basi. Mvua za siku kumi na moja, mlima mzima umelowa, na chemchemi imekauka. Vyura walikuwa wakivuka njia mchana kweupe, wengi, wakishuka wote upande mmoja. Mmoja alinipanda mguuni akapita.

Nilirudi na debe tupu. "Ama, maji hayapo."

Alikuwa ameshika ungo. Aliuweka chini polepole, akanitazama usoni kama mtu anayesoma, yeye asiyejua kusoma. Akapanda peke yake kwenda kuona. Nilimwona akirudi mbio. Sikuwahi kumwona Ama akikimbia kabla ya siku hiyo, na miguu yake mitupu ilikuwa ikiteleza kwenye tope bila kusimama.

"Tokeni," alisema. "Wote. Sasa hivi. Kwenye kigongo kule."

Mama hakuuliza. Alimfunga mdogo wangu Yohane mgongoni, akashika na blanketi, akatoka. Ama akawafungua ng'ombe wetu wawili, akawachapa kuelekea kigongo kilichokuwa ng'ambo ya shamba la maharage. Baba alikuwa ameketi jikoni na kikombe cha uji.

"Mama, mvua yote hii unasema maji yamekwisha? Mfereji umeziba tu. Nikimaliza uji huu nakwenda kuuzibua."

"Hayajaziba. Yamehama."

"Sawa, Mama. Nakuja."

Alisema kwa ile sauti ya mtu asiyekuja. Tulikuwa tumefika kigongoni, mimi, mama, Yohane na ng'ombe, na Ama alikuwa nyuma yetu hatua chache, amegeuka, anamwita. Alimwita kwa jina la kuzaliwa, si lile la ubatizo. "Bura! Mwanangu, toka!" Kutoka ndani kilisikika kijiko tu kikigonga kikombe.

Hapo siri ya siku kumi na mbili ikanishinda. Nilikimbia kurudi, nikapita kando ya Ama, nikaanguka kwenye matuta ya maharage, nikapiga kelele ambazo mama alisema baadaye hakudhani zinatoka kwangu.

"Nililichuma mimi! Baba! Lile ua nililichuma mimi! Limo chini ya kitanda! Anakuja kulifuata!"

Baba alitoka na kikombe chake mkononi. Alidhani nimeumwa na nyoka. Alivuka uwanja, akaingia shambani, akaniinua kwa mkono mmoja.

"Ua gani? Tekla, unalia nini?"

Sikuweza kusema kitu kingine ila hilo hilo. Alinibeba hadi kigongoni, kifua chake kikipanda na kushuka kwa hasira.

"Mama, umemtia mtoto wazimu," alimwambia Ama. Halafu akanishusha, akasema kwa upole, "Nyamaza. Nakwenda kulichukua, tulirudishe pale pale, yaishe."

Akageuka. Ama akamkamata shati kwa mikono yote miwili, vifungo vikaruka.

"Liache," alisema. "Alichukue."

Kilichofuata nimejaribu kukisimulia mara nyingi na kila mara kinanitoroka. Miti iliyokuwa juu ya nyumba ilianza kutembea. Haikuanguka; ilitembea imesimama wima, mkuyu ukiwa katikati yake, kama watu wanaosogea kupisha wengine kwenye mabenchi ya kanisa. Sauti ilikuja baadaye. Niliisikia miguuni kabla ya masikioni. Nyumba yetu haikuvunjika mwanzoni. Ilisukumwa nzima, na paa lake la bati, ikateremka kidogo kama sinia lililobebwa na mtu mwangalifu, halafu ikainama na udongo ukaifunika. Ndama aliyekuwa amefungwa nyuma ya jiko alilia mara moja.

Kisha kimya. Harufu ya udongo mbichi, kali kama ya damu. Pale nilipoamka asubuhi hiyo palikuwa na ukuta wa tope jekundu unaosogea taratibu, na kuku wetu mmoja akitembea juu yake akitafuta chakula.

Mama alikuwa ameufunika uso wa Yohane kwa kiganja na hakukiondoa. Baba alisimama, shati wazi, mkono bado umeshika kikombe. Akakitazama. Akakiinua, akanywa uji uliobaki hadi mwisho, kama mtu aliyeagizwa, halafu akaketi kwenye tope.

Tulishuka kijijini kwa ndugu zake mama. Wazee walichinja kondoo kando ya ule udongo wakazungumza na wenyewe wa maji; padri naye alikuja akaomba; baba alisimama katika yote mawili akiwa amevua kofia. Watu walituletea nguo na unga, lakini kwa muda fulani, kwa desturi ya zamani ya kujitenga na waliopatwa na balaa, hakuna aliyekuja kuomba moto kwetu. Mimi sikusema neno. Mama ananiambia zilikuwa siku tisa. Nakumbuka nilikuwa nikifungua kinywa na kuona kwamba hakuna kitu ndani. Usiku na mchana nilijua jambo moja: nimeifukia nyumba yetu.

Nililijua hivyo kwa miaka mingi. Nilikwenda chuo cha ualimu nikiwa nalijua. Katika likizo moja, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilimkuta Ama mjini Karatu, uani kwa shangazi, akipukuchua mahindi. Alikuwa amezeeka sana. Niliketi karibu yake, nikashika hindi moja.

"Ama, ulijua kwamba nililichuma?"

"Siku ile ile. Vidole vyako vilikuwa na vumbi la njano."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, baba yako angecheka."

Nikauliza lile lililonileta. "Basi ni mimi niliyesababisha?"

Aliendelea kupukuchua. "Mlima ule ulikuwa na nyufa tangu mvua za vuli. Nilikuwa nikizikanyaga nikienda kuokota kuni. Nilipokwenda kuangalia asubuhi ile, ufa mmoja ulimeza mkono wangu mpaka begani."

"Kwa hiyo hakuna mwenyewe wa maji."

"Sikusema hivyo," alijibu, na nikamwona anatabasamu kidogo.

Kisha akanieleza habari ambayo hakuwahi kumweleza hata baba. Alipokuwa msichana mdogo kule Mbulu, yeye ndiye aliyekuwa akitumwa maji. Siku moja ya masika alikuta hayatoki, vyura wanashuka. Alimwambia bibi yake, na bibi akamwambia aite kila mtu atoke. Baba yake na kaka zake walikuwa malishoni. Mama yake alikuwa ndani akikamua maziwa ya mwisho, akasema amalize kwanza.

"Nilisimama nje nikamwita," Ama alisema. "Nilimwita kwa adabu, kama mtoto anavyomwita mzazi wake. Hakutoka. Mlima ukamfunika humo ndani." Punje zilikuwa zikidondoka kwenye ungo. "Wewe ulipiga kelele mpaka mtu mzima akaogopa. Mimi nilimwita baba yako kwa uzee wangu wote na kwa jina lake la kuzaliwa, hakutoka. Alitoka kwa ajili yako."

Nilikuwa nimebeba kosa moja tangu utotoni, na mtu aliyeketi kando yangu alikuwa amebeba zito zaidi kwa zaidi ya miaka hamsini, bila kuliweka chini hata siku moja.

Darasani nimekwisha kuwaeleza watoto wengi jinsi ardhi iliyolowa inavyoachana na mwamba, na jinsi maji yanavyobadili njia kabla mlima haujashuka. Nachora ubaoni, wanaelewa. Mtoto mmoja huwa ananyoosha mkono na kuuliza kama ni kweli chemchemi zina wenyewe. Namwambia kwamba bibi yangu aliamini hivyo, na kwamba alikuwa mtu wa kusikilizwa.

Baba aliishi sana baada ya asubuhi ile. Alijenga tena, chini, kwenye tambarare. Akaozesha watoto, akashika wajukuu. Alikufa kwa uzee, kitandani mwake, wakati wa kiangazi, nasi sote tumemzunguka. Tulipotoka makaburini mama alinishika mkono akaniambia uso wangu umekunjuka kama wa mtu anayecheka. Labda nilikuwa nacheka. Nilikuwa nikihesabu miaka aliyoipata.