Kichaka Kilichokataa Shamba

Nikisikia harufu ya samadi iliyolowa mvua, najikuta tena Kashebere, nyuma ya jiko la shangazi, nimechuchumaa mbele ya kichaka kidogo nikikibembeleza kisife. Msimu ule tulikuwa tumetoka kijiji chetu cha Muheto, tukaacha maharage yetu mlimani, na hakuna mkubwa aliyetuambia sisi watoto kama tumekuja kutembea au kukaa. Mume wa shangazi alikuwa ameangusha mti mkubwa wa msituni apate mbao. Kule juu, kwenye panda ya tawi, tukakuta kichaka kimejikalia katikati ya majani yaliyooza, hakijawahi kugusa ardhi, kina maua ya zambarau yenye kitovu cha njano, ndugu kabisa wa maua ya biringanya. Jina lake hakulijua mtu. Mama, mkulima wa milimani hadi kwenye kucha, alikihurumia. "Masikini, hakuna mwenye aliipatia shamba!" Akaking'oa, akakichimbia shimo, akakijazia samadi, kama tulivyozoea kule Muheto kwa kila mche tunaoupenda. Kisha akasema polepole, "Ikishika hapa, na sisi tutashika."

Neno hilo nililimeza zima. Kila asubuhi nilikimwagilia maji kabla sijanawa uso, nikiota tayari nyumba yetu, mlango wa buluu, biringanya hadi barabarani. Lakini kichaka kililegea tu, majani yakageuka manjano, nami nikaanza kukunja nguo zangu.

"Mutoto, unaenda wapi?" shangazi akauliza.

"Sijue, shangazi. Ule muti iko nakufa."

Akacheka, akanivuta hadi kwenye tawi lililoachwa majanini. Pale, kwenye kipande cha kichaka tulichokisahau, bila samadi, bila mtu, ua lilikuwa limefunguka.

"Mama Zawadi!" akamwita mama yangu. "Kuya uone! Mutoto yako wa kulisha amekufa, ule wa kutupa anacheka!"

Mama alikuja, akashika kiuno. "Sasa hii njo inasema nini? Tubaki ao turudi?"

Kile kipande kilichochanua tulikifunga tu kwa kamba ya mgomba kwenye panda ya mparachichi wa shangazi, mpaka tujue.

Leo mimi ni mtu mzima, kichaka kingali juu ya mparachichi, na hatujajua. Mama analima mihogo hapahapa, lakini mbegu za maharage bado anaziagiza Muheto. Watu wakiniuliza kwetu ni wapi, nafungua mdomo, halafu natazama juu.