Nyumba Tuliyopanga Jidda

Mke wangu alikuja Umra na kinamama wa mtaani kwetu Unguja. Walipomaliza ibada wenzake wakarudi, yeye akabaki siku chache ili tuonane. Mimi niliomba ruhusa kwa bosi wangu Riyadh, ambako nimeendesha gari la familia moja ya mtaa wa Al-Naseem tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Binti yetu akatutafutia kwa simu nyumba ya kupangisha wageni katika mji wa kale wa Jidda. Nyumba nzima, ya mawe ya matumbawe, yenye madirisha ya mbao yaliyotokeza juu ya kichochoro.

Hatukuwahi kukaa peke yetu ndani ya nyumba. Tulioana tukakaa kwa wazazi wangu, kisha nikasafiri.

Mwenye nyumba alitutumia namba za kufungulia mlango. Mke wangu alipapasa ukuta, akanusa chokaa.

"Hii nyumba ya kwetu kabisa. Wameiiba."

"Wameitengeneza vizuri tu."

"Ndiyo maana nasema wameiiba. Ingekuwa kwetu, ingeshaanguka."

Nikalipandisha sanduku lake hadi chumba cha juu, chenye kitanda kipana na kiyoyozi, nikashuka. Mkoba wangu nikauweka katika chumba kidogo kando ya mlango wa mbele, kile chenye godoro la mtu mmoja. Nikavua viatu, nikatundika shati msumarini. Sikufikiri lolote. Madereva ndiko wanakolala.

Akaniita kutoka juu. Nikaitika, "Naam, madam."

Kisha nikasikia kandambili zake zikishuka pole pole, maana ngazi zilisimama wima na magoti yake si yale ya zamani. Akasimama mlangoni, akautazama mkoba, godoro, na shati.

"Umeniita nani?"

"Ulimi umeteleza."

"Na mkoba nao umeteleza?"

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, nami nikacheka naye. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na kicheko kikawa kimekwisha.

"Mie sikupanda ndege kuja kutafuta dereva, bwana. Madereva kwetu wamejaa tele. Nimekuja na suali moja, na nataka jawabu kabla sijaondoka. Unarudi, au hurudi?"

Kila mwaka nilimwambia mwakani. Mwanzo ilikuwa kwa ajili ya kujenga, baadaye masomo ya watoto, baadaye tena harusi ya binti yetu, ambayo niliitazama kwenye simu ndani ya gari huku nikiwasubiri watoto wa bosi nje ya skuli. Hizo ndizo sababu nilizompa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimezoea. Riyadh nilizijua njia zote, na kila mtu aliijua kazi yangu. Nyumbani niliogopa kuwa mgeni. Sasa ikama yangu, kibali cha kuishi, ilikaribia kwisha, na bosi, ambaye ndiye kafili wangu, alikwisha kuniambia ataiongeza.

"Nipe siku mbili," nikasema.

"Chukua. Lakini mkoba upande juu."

Tulinunua samaki soko la Al-Baghdadiyah, akapika. Nikala nimesimama jikoni, akanivuta mkono. "Kaa. Unamsubiri nani amalize?" Alasiri tulikaa nyuma ya dirisha la mbao tukiwatazama watalii wakipiga picha nyumba yetu ya kukodi, naye akiwasema mmoja mmoja. Alizikunja nguo zangu zote, akasita kwenye mkono wa kanzu.

"Nani kakushonea hivi?"

"Nimeshona mwenyewe."

"Inaonekana," akasema, akaufumua na kuushona upya. Nilikaa karibu nikamtazama. Nimemwoa mwanamke huyu miaka mingi, na sikujua kwamba siku hizi anashona kwa miwani.

Asubuhi iliyofuata nilimpigia bosi, nimekaa ukingoni mwa kitanda. Nilimwambia sitaki ikama nyingine, naondoka moja kwa moja.

"Na mama yangu atampeleka nani hospitali?" akauliza. Si mtu mbaya. Swali lile lilinishika, kwa kuwa mama yake nampenda.

"Mtafute mwingine, baba," nikasema. "Mimi pia ninasubiriwa."

Akasema halas, Mungu akubariki.

Mke wangu alikuwa mlangoni na birika la chai. "Kasemaje?"

"Kasema basi. Yamekwisha."

Hakusema alhamdulillahi wala hakulia. Alimimina chai, akakaa kando yangu. "Basi nisikilize vizuri, nikwambie mambo ya nyumbani, usije ukapapasa gizani. Mlango wa uani tumeuziba. Mjukuu wako analala upande wako, itabidi umbembeleze. Choo kimehamishwa."

"Kimehamishwa lini?"

"Zamani. Nilikwambia kwenye simu. Ukaitika sawa, sawa."

Sikukumbuka. Nilimwomba aanze tena, tangu mlango wa mbele, chumba kwa chumba.