Boti ya Walioshindwa

Mimi ziwa naliogopa. Nasema mapema ili mtu asije akanidhania shujaa. Nimezaliwa Migori mjini, karibu na barabara ya kwenda Isebania, na maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya mto wetu ukifurika, nayo tuliyatazama kutoka darajani tukiwa tumeshikana mikono. Kuogelea sijui. Nauza viatu vya mitumba sokoni, na wikendi mimi ni refa wa mpira.

Urefa niliuingia kwa hasira. Siku moja nilimpigia refa kelele kutoka pembeni mpaka akachoka, akanitupia filimbi yake, akasema njoo basi uchezeshe wewe. Nikaenda. Baadaye nikasomea, nikapata cheti. Mume wangu ni fundi wa baiskeli, mtu mpole mpaka anaudhi, na tangu siku ile wimbo wake ni mmoja: "Mama watoto, huo mdomo wako utakuja kukuua."

Basi wakanipigia simu watu wa visiwani. Kule ziwani wana kombe lao, la visiwa vidogo vya upande wa Kenya, wa Uganda na wa Tanzania, na kila kisiwa, hata kile ambacho ni jiwe tu lililojaa mabati, siku hiyo hujiona nchi kamili. Wana bendera walizojishonea kwa vitambaa vya matanga. Wana mashabiki wanaolia machozi ya kweli. Kwa fainali walitaka refa asiye na shemeji, mjomba wala mkwe katika kisiwa chochote, na marefa wote wa Homa Bay, ukiwachunguza, wana wakwe visiwani. Mimi sina hata binamu huko. Nilijiona mtu wa maana sana, na kwa sababu hiyo sikuuliza maswali.

Fainali ilikuwa kisiwa cha Mfangano, maana huko kuna uwanja tambarare. Kutoka Mbita, upande wa bara, nilivuka nimefumba macho, nikisali sala zote ninazozijua na nyingine nilizozitunga papo hapo. Nilipofika, simu yangu ikanasa mtandao wa jirani, ikanikaribisha Uganda ingawa bado tulikuwa Kenya. Nikaizima kwa hasira, nikaenda kutafuta chakula.

Mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki kando ya uwanja alinipa samaki wa ngege na ugali, akanitazama nikila.

"Nyar Migori," akaniita, binti wa Migori, "wamekuambia utarudi na nani?"

"Na boti iliyonileta."

Akacheka. "Sio hiyo. Hapa kwetu refa wa fainali anarudi na boti ya walioshindwa. Wao ndio wanakuvusha mpaka Mbita."

Nikalirudisha tonge kwenye sahani. "Na wakiwa na hasira?"

"Si ndiyo maana!" akasema, akageuza samaki wake. "Refa akijua atarudi na nani, hali rushwa ya mtu. Yawa, kula, samaki anapoa."

Sikuweza kula tena. Nilitaka kurudi nyumbani saa hiyo hiyo, lakini kurudi nyumbani pia kulikuwa kwa boti.

Walicheza wavuvi wa kisiwa kimoja cha mawe cha upande wetu, waliovaa bluu, na timu moja ngumu kutoka Uganda. Kipaza sauti kikanitangaza, refa muuza viatu kutoka Migori, nikaanza kuchezesha. Kila nikipuliza filimbi nilijikuta nikiangalia boti zilizofungwa ufuoni, nyuma ya goli la wale wa bluu, nikijiuliza ipi itakuwa yangu. Nyuma ya goli hilo alisimama mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, mikono kifuani, mtungi wa petroli miguuni. Hakushangilia hata mara moja. Alitazama tu.

Mechi ilikuwa karibu kwisha, hakuna bao. Ukaja mpira wa juu, beki wa bluu akaruka, na nikauona mkono wake ukiugusa mpira, ukaubadilisha njia kidogo tu. Ameunawa. Ndani ya kisanduku, mbele ya macho yangu. Wachezaji wenyewe hawakuona, maana hakuna aliyelalamika. Ningenyamaza, mambo yangepita hivyo hivyo. Nililiona ziwa kule nyuma, limeanza kuchafuka kwa upepo wa mchana, na nikalifikiria kwa muda wa pumzi moja. Halafu nikapuliza. Msinisifu. Mapafu yalikuwa yameshazoea.

Loo! Sijawahi kusikia kelele kama zile. Beki akaja mbio, akalamba kidole, akakielekeza mbinguni: haki ya Mungu hajaugusa. Wenzake wakanizunguka. Mashabiki wakaniita msaliti, wakasema nimeuza nchi kwa Uganda. Mkwaju ukapigwa, ukaingia, nami nikapuliza filimbi ya mwisho.

Sasa twende kwenye boti. Nahodha alikuwa yule mzee wa kofia ya sufu. Timu nzima ilipanda, bado wamevaa jezi, nami wakaniweka katikati kabisa. Walinipa jaketi la kuokolea maisha lakini zipu yake ilikuwa imeharibika, kwa hiyo nililishika kifuani kwa mikono miwili. Beki alikaa mbele, mgongo kwetu. Mtu mmoja akamrushia sweta, naye beki akamjibu nahodha kitu na kumwita Baba. Hapo ndipo nilipojua huyo ni mtoto wake. Jamani. Nilihisi baridi mpaka kwenye meno.

Mawimbi yalikuwa yakitupiga ubavuni na maji yakiingia. Walizungumza Dholuo cha harakaharaka. Dholuo nakisikia, kwetu sokoni huwezi kuuza bila hicho, lakini cha wavuvi wenye hasira kilinishinda. Nilishika maneno mawili tu, nam, yaani ziwa, na dhako, yaani mwanamke, na mengine nikajazia mwenyewe. Niliwaza watoto wangu. Niliwaza viatu nilivyoviacha kwa jirani wa kibanda, ambaye najua angeviuza kabla hata ya matanga yangu kwisha.

Tulipofika mahali ambapo Mfangano ilikuwa imerudi nyuma na Mbita bado haijakaribia, nahodha akazima injini.

Boti ikaanza kuyumba ovyo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini amezima, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote: walikuwa wakijua.

"Madam," mzee akasema kwa Kiswahili, polepole, "kule kulikuwa na mashabiki. Hapa hakuna. Sasa tuambie. Mtoto wangu aliunawa mpira, au hakuunawa?"

Wote wakanigeukia, isipokuwa beki. Niliyatazama maji. Yalikuwa meusi, karibu na kiwiko changu. Na nasema ukweli: nilifungua kinywa niseme hapana. Nilishalipanga. Ningesema jua lilinipiga machoni, nilikosea, mnisamehe baba zangu, nipelekeni nyumbani. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Mshambuliaji wao mmoja, kijana wa nywele za rangi, akacheka. "Ataona nini huyu? Mama wa mitumba. Arudi akauze viatu."

Mimi nitakufa siku moja, lakini kwa kudharauliwa, sikubali. Damu ikanipanda. Nilisahau ziwa, nilisahau zipu.

"Wee! Koma!" nikamwambia. "Ungekuwa na macho kama yangu ungefunga hata bao moja! Umepiga nje mpaka mbuzi wa watu wakahama! Aliunawa! Kwa mkono wa kushoto, vidole hivi, na hata Mungu mwenyewe akishuka nitamwambia aliunawa!"

Kisha nikasikia nilichokisema. Hasira ikaisha mara moja, ukabaki woga mtupu. Nilifumba macho nikalikumbatia lile jaketi, nikingoja mikono ya watu.

Haikuja. Nilipofumbua, beki alikuwa bado ametugeuzia mgongo, lakini ameinua mkono wake juu. Wa kushoto. Aliushikilia hivyo mpaka baba yake akauona, kisha akaushusha na kuuficha ndani ya sweta. Kijana wa nywele za rangi akaangalia chini. Mzee akavuta kamba, injini ikawaka, tukaenda Mbita.

Mbita boti hazifiki mpaka pakavu. Watu hubebwa mgongoni, ndiyo kawaida, na kwa kawaida kuna vijana wa kazi hiyo. Mzee aliwafukuza. Akashuka majini mwenyewe, akanipa mgongo, nami nikapanda nikamshika shingoni. Maji yalimfika kiunoni. Katikati ya njia akasimama.

"Nilikuwa nyuma ya goli," akaniambia taratibu, wale wa botini wasisikie. "Niliuona mkono. Nilitaka kujua wewe ni mtu wa namna gani."

"Na ningesema hapana?"

Alinisogeza mgongoni kidogo, kama mtu anayetengeneza gunia, akaanza tena kutembea.

"Ningekushusha palepale nilipozima injini," akasema.

Nilitafuta kicheko katika sauti yake na sikukipata. Aliniweka mchangani vizuri, akanirudishia begi, akaniambia ero kamano, yaani asante, akarudi kwenye boti yake.

Mume wangu nilimwambia tu kwamba Uganda walishinda kwa penalti. Akanitengea chai, akauliza kama niligombana na mtu. Nikamwambia kidogo. Akatikisa kichwa, akasema tena kuwa mdomo wangu utakuja kuniua, nami kwa mara ya kwanza sikumjibu. Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili, kama nilivyolishika lile jaketi.